Darubini sita juu ya Mwezi: zipangwe vipi ili mistari isipotee

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Lindi. Klabu yetu ya sayansi, kidato cha tano na cha sita, inachora mradi wa darubini za nuru juu ya Mwezi zitakazofanya kazi kama darubini moja kubwa. Tumeweka darubini sita kwenye duara lenye kipenyo cha mita 500, kila moja ina kioo cha mita moja, na kamera iko katikati. Je, mpango unafaa? Kitakachoharibika kwanza ni nini? Na tunaweza kujaribu nini shuleni bila vifaa vya gharama?

JIBU: Mwalimu, vijana wako wameanza na umbali kati ya darubini, na huo ndio mwanzo sahihi. Mambo mawili tungeyabadilisha mapema: duara lenyewe, na vioo vya mita moja. Tuanze na duara, maana ndilo litakalowakwamisha.

Darubini mbili zikielekezwa kwenye nyota moja na nuru zake zikakutanishwa kwenye kamera moja, hutokea mistari ya mwanga na giza. Ukolezi wa mistari hiyo, yaani tofauti kati ya mwanga na giza, ndio kipimo chenyewe. Nyota ikiwa nukta tupu, mistari hukolea daima. Nyota ikiwa na upana, mistari hufifia kadiri darubini zinavyoachana, hadi inafika mahali inatoweka kabisa. Albert Michelson na Francis Pease walitumia jambo hili mwaka 1920 huko Mount Wilson, California, wakapima upana wa nyota Betelgeuse kwa boriti ya mita 6 iliyofungwa juu ya darubini.

Umbali wa kutoweka ni urefu wa wimbi mara 1.22, ukigawanywa kwa upana wa nyota katika radiani. Chukueni nyota iliyo sawa na Jua, ikiwa umbali wa parseki 10, yaani miaka-nuru 32.6. Upana wake angani ni milisekunde 0.93 za tao (digrii moja ina sekunde 3,600 za tao). Kwa nuru ya nanomita 500, mistari yake inatoweka darubini zikiachana mita 135. Sasa rudini kwenye mchoro wenu. Darubini sita zilizopangwa sawasawa kwenye duara la mita 500 zinaachana mita 250 kwa jirani aliye karibu kabisa. Hakuna jozi hata moja iliyo ndani ya mita 135! Kupita hapo mistari hurudi, lakini ukolezi wake hauzidi asilimia 13, na mtambo unaotakiwa kuikamata na kuifuata hautakuwa na cha kushika.

Kuna kasoro ya pili iliyojificha. Darubini sita hutoa jozi 15, na kila jozi ni kipimo kimoja. Lakini katika umbo lenye pande sawa, jozi nyingi zina urefu uleule na zinaelekea upande uleule. Hesabuni moja moja mtaona 15 zenu ni 9 tu. Sita zilizobaki ni marudio.

Dawa ya kasoro zote mbili ni kupanga darubini kwa mnyororo wa hatua zisizolingana, kila hatua ikiwa fupi kuliko umbali wa kutoweka. Tunapendekeza hatua za mita 70, 90, 100, 110 na 120. Zikinyooshwa, darubini zitakuwa kwenye alama za 0, 70, 160, 260, 370 na 490. Waambie wanafunzi watoe kila alama kwa kila alama: watapata urefu 15, na hakuna unaojirudia. Kila darubini inaona mistari pamoja na jirani yake. Jirani wote wakishafungwa kwa mnyororo huo, yaani njia zao za nuru zikishasawazishwa na kushikiliwa hivyo, jozi ya mbali ya mita 490 nayo inakuwa imefungwa, hata kama mistari yake ni hafifu kiasi cha kutoonekana kwa mara moja.

Hatua ya mita 120 iko karibu mno na 135, na mtu makini atauliza. Kwa nanomita 500 ukolezi wake ni asilimia 10 tu. Ndiyo maana nuru hugawanywa: sehemu nyekundu, tuseme nanomita 800, hupelekwa kwenye kamera ya kufuatilia mistari, na nanomita 500 huachiwa kipimo chenyewe. Kwa nanomita 800, jozi hiyohiyo ya mita 120 ina ukolezi wa asilimia 53. Nyota pana kama Canopus itahitaji hatua fupi zaidi, kwa hiyo darubini zipandishwe kwenye vigari vya roboti, zisichimbiwe daima mahali pamoja.

Sasa umbo. Nuru ya nyota haifiki kwenye darubini zote kwa wakati mmoja; iliyo upande wa nyota inaipata kwanza. Kisha kila darubini inaituma nuru yake kwenye kamera. Jumla ya njia hizo mbili lazima iwe sawa kwa darubini zote, la sivyo hakuna mistari. Nyota ikiwa utosini kabisa, duara linatosha. Ikiinama, umbo linalosawazisha njia ni duaradufu, yaani duara lililorefushwa, na kamera haikai katikati bali kwenye fokasi, moja ya nukta mbili za ndani zinazoongoza uchoraji wake, ile iliyo mbali na upande wa nyota. Umbali kati ya fokasi mbili ukigawanywa kwa kipenyo kirefu ni kosini ya mwinuko wa nyota. Kwa mwinuko wa digrii 60 jibu ni nusu: kipenyo kirefu mita 500, fokasi mita 250 kutoka moja hadi nyingine. Mradi wa AeSI, wa darubini nyingi juu ya Mwezi, unaochunguzwa na timu ya Kenneth Carpenter kutoka NASA unafuata njia hiyo ya duaradufu na vigari.

Mzunguko wa duaradufu hilo ni karibu mita 1,470. Darubini sita haziwezi kuuzunguka wote kwa hatua zisizozidi 120, kwa hiyo zipangeni kwenye tao moja tu, ubavuni ambako duaradufu limenyooka zaidi. Kutoka darubini ya kwanza hadi ya sita mtapata karibu mita 425 kwa mstari ulionyooka, na kuona hadi takriban robo ya milisekunde ya tao. Hiyo ni kama nukta nne kukatiza uso wa ile nyota yetu. Fedha zikipatikana, ongezeni hadi 15, kila moja karibu mita 98 kutoka kwa jirani, hapo duaradufu linafungika na jozi zinakuwa 105.

Nyota nayo husogea. Mwezi huzunguka mara moja kwa siku 27.3, sawa na digrii 0.55 kwa saa, polepole mara 27 kuliko Dunia. Kwenye jozi ya mita 490 na nyota yenye mwinuko wa digrii 60, njia hutofautiana kwa kasi isiyozidi milimita 0.65 kwa sekunde. Tofauti hiyo humezwa na kigari kidogo chenye kioo kinachotembea relini: nuru inaingia, inagonga kioo, inarudi, kwa hiyo kila milimita ya reli ni milimita mbili za njia. Reli ya mita 3 itawapa zaidi ya saa mbili na nusu kabla ya kuhamisha vigari vya darubini. Kwenye mitambo ya Dunia kazi hii hufanywa kwa tabaka tatu: mota husukuma kigari, koili ya sumaku kama ya spika husahihisha mikromita, na kipande cha piezo, kinachotanuka kidogo kikipewa umeme, husahihisha nanomita. Tungebakiza zote tatu. Msiweke grisi, huganda kwa baridi na huvukia kwenye ombwe kisha hutua juu ya vioo. Tumieni kilainishi kikavu cha molibdeni disalfaidi, au bawaba za chuma chembamba kinachopinda bila kusuguana.

Roboti haiwezi kuegesha darubini kwa usahihi wa mikromita, wala haihitaji. Tuseme mnajua mahali ilipo kwa sentimita 5 kila upande. Nuru yenye upana wa nanomita 50 hutoa mistari tofauti ya njia ikiwa ndani ya mikromita 5 tu, na kuitafuta hivyo ni adhabu. Ipitisheni nuru kwenye prizimu na kuisoma kwa vipande vya nanomita 5: sasa mistari inaonekana ndani ya mikromita 50. Kwa hatua za mikromita 25, sentimita 10 ni hatua 4,000. Kila hatua ikichukua sehemu ya kumi ya sekunde, mnamaliza kabla ya dakika saba.

Vioo vya mita moja ndivyo tungevipunguza bila huruma. CHARA, mtambo ulioko huko huko Mount Wilson, una darubini sita za mita moja zilizoachana hadi mita 331, na vioo hivyo vinahitajika kwa sababu ya hewa. Angahewa hubadilisha njia ya nuru kila baada ya milisekunde chache, na bila mtambo wa kunyoosha nuru, sehemu ya kioo inayofanya kazi kwa pamoja ni kama sentimita 10 tu. Pigeni hesabu ya nyota ya mng'ao wa 10, hafifu kiasi cha kutoonekana kwa macho matupu: kwa upana wa nanomita 50, inamwaga takriban fotoni 50 kwa kila sentimita mraba kwa sekunde. Tukichukulia asilimia 5 ndizo zinazofika kwenye kamera, sentimita 10 kwa milisekunde 10 zinatoa fotoni 2. Kwenye Mwezi hakuna hewa. Kioo cha sentimita 30, mkikusanya kwa sekunde 10, kinatoa fotoni zaidi ya 17,000. Kioo kidogo cha Mwezini kinakishinda kikubwa cha Dunia kwa mbali, na uzito mliookoa upelekeni kwenye reli, leza za kupimia, na kinga ya vumbi. Pendekezo la MoonLITE linaanza na mtambo mdogo kuliko huo, darubini mbili ndogo zilizoachana mita 100, na sisi tunaona hiyo ndiyo safari ya kwanza inayofaa: kuthibitisha jozi moja kabla ya kununua sita.

Kutoka darubini hadi kwenye kamera, nuru isafirishwe kama mshale wenye upana usiopungua sentimita 5. Mshale wa sentimita moja, baada ya mita 250, utakuwa umetanuka zaidi ya sentimita moja kila upande, na sehemu kubwa ya nuru itamwagika nje ya kioo kinachoupokea. Wa sentimita 5 unatanuka milimita 3 tu. Duniani mabomba ya ombwe hujengwa kwa ajili hii, Mwezini ombwe ni la bure. Mviringo wa Mwezi hausumbui: kwa kilomita nzima nundu ya katikati ni sentimita 7. Vikwazo ni mawe na mashimo, basi vioo viwe mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini.

Mahali: karibu na ncha ya kusini ya Mwezi. Kwenye ikweta yake mchana hufika nyuzijoto 120, usiku hushuka hadi 130 chini ya sifuri, na kila kimoja hudumu wiki mbili. Mita moja ya alumini hutanuka mikromita 23 kwa kila nyuzijoto moja, sawa na mawimbi 46 ya nuru ya kijani. Hakuna reli itakayofuata badiliko hilo kwa utulivu. Nchani Jua hupita pembeni kabisa, haliinuki zaidi ya digrii chache, na kuna miinuko inayopata mwanga kwa sehemu kubwa ya mwaka kwa ajili ya paneli za sola. Nyota hazizami, zinazunguka tu kwa mwinuko uleule, ndiyo maana duaradufu moja linatumika kwa nyota moja muda wote likizungushwa. Juu ya ncha hiyo ni eneo la Wingu Kubwa la Magellan, lile ambalo kutoka Lindi mnaliona upande wa kusini jioni za Januari, na Canopus inakaa daima kwenye digrii 76. Antares na Betelgeuse zitakuwa chini mno.

Kwa siku 14 hivi, jozi zenu zitakuwa zimeelekea kila upande na picha imekamilika. Hapa kuna mtego: nyota kama Jua hujizungusha kwa siku kama 25, kwa hiyo madoa yake yatakuwa yamehama kabla hamjamaliza. Kwa darubini sita anzeni na nyota majitu, ambazo mara nyingi hujizungusha kwa miezi. Nyota kama Jua zisubiri zile 15.

Fremu ziwe za kaboni au silikoni kabidi. Msidanganyike na vioo maalumu vinavyosifiwa kuwa havitanuki: sifa hiyo imetengenezwa kwa joto la kawaida la chumbani, kwenye baridi kali inabadilika. Miguu ya kituo cha kamera, ambacho hakihami, ifukieni. Vipimo vya Apollo 15 na 17 vilionyesha kuwa chini ya mita moja ya udongo wa Mwezi, joto la mchana na baridi ya usiku havifiki. Na wakati wa kupima, mota zote za jirani zizimwe. Ardhi ya Mwezi ni tulivu, mtikisiko mwingi mtakuwa mmekwenda nao wenyewe.

Kitakachoharibika kwanza, tunavyoona sisi, ni vumbi. Chembe zake ni kali kama vigae, hazijawahi kusuguliwa na maji wala upepo, na hunata kwa umeme tuli. Novemba 1969 Apollo 12 ilitua mita 160 hivi kutoka chombo cha Surveyor 3, na mchanga uliorushwa na injini uliparua rangi ya chombo hicho. Vioo vya kurudisha leza vilivyoachwa na Apollo sasa vinarudisha nuru karibu mara kumi pungufu ya ilivyotarajiwa, na vumbi ndilo linaloshukiwa zaidi. Kwa hiyo chombo kitue mbali, nyuma ya mwinuko, vifuniko vya vioo vikiwa vimefungwa. Vigari viende polepole. Na mbele ya kila kioo kuwe na kinga ya umeme ya kurusha vumbi, aina iliyojaribiwa kwa mafanikio Mwezini mwezi Machi 2025 kwenye chombo cha Blue Ghost. Panga pia kwa ajili ya kutua vibaya. Vyombo Odysseus mwaka 2024 na Athena mwaka 2025 vyote vililala ubavu karibu na ncha hiyo ya kusini. Mlango wa kushushia vigari uwe zaidi ya mmoja, kwa pande tofauti.

Sasa ya shuleni. Kwanza, chora duaradufu kwenye uwanja wa mpira kwa kipimo cha 1 kwa 10. Pigilia vigingi viwili vilivyoachana mita 25, funga ncha za waya wa mita 50 kwenye vigingi hivyo, ukaze kwa fimbo na kutembea ukichora. Tumia waya wa kufungia nondo. Kamba ya nailoni inavutika na umbo litapotoka. Chagua ncha moja ya kipenyo kirefu iwe upande wa nyota; kigingi kilicho mbali nayo ndicho kamera. Weka darubini sita ubavuni kwa hatua za mita 7, 9, 10, 11 na 12. Kwa kila darubini pima umbali wake hadi kamera, kisha pima, sambamba na kipenyo kirefu, iko mbele kiasi gani kuelekea nyota ukianzia kwenye kamera, ugawe kwa mbili, utoe. Kila mara jibu liwe mita 18.75. Iliyo nyuma ya kamera ina alama ya kutoa, nusu yake inajumlishwa. Anayepata 18.90 ana kosa la sentimita 15, na huko Mwezini kosa lake ni mita moja na nusu.

Pili, mistari yenyewe. Darubini ya kioo ya milimita 114 yenye urefu wa fokasi wa milimita 900 inatosha. Kata kifuniko cha boksi gumu, toboa matundu mawili ya milimita 20, vitovu vikiachana milimita 80, uweke mdomoni mwa darubini. Kuza mara 200, kwa lenzi ya milimita 9 na kikuzio cha mara mbili. Katikati ya Julai, karibu saa tatu usiku, Antares iko digrii 74 juu upande wa kusini. Utaona doa dogo la mviringo lililokatwa na mistari myembamba. Mistari imeachana sekunde kama 1.5 za tao, na baada ya kukuzwa ni dakika tano, jicho linaitenga. Ziba tundu moja: doa linabaki, mistari inaondoka. Zungusha kifuniko, nayo inazunguka. Itacheza kwa sababu ya hewa, na hilo ndilo tatizo ambalo Mwezi hauna. Upepo wa kusi utatikisa darubini, basi jikingeni na ukuta, lakini msielekeze juu ya paa la bati lililoshinda juani. Mkimaliza, funikeni kioo palepale, hewa ya chumvi inakila.

Tatu, bandikeni slaidi ya hadubini kwenye tundu moja. Mistari inatoweka, maana milimita moja ya kioo imeongeza karibu nusu milimita kwenye njia. Bandikeni slaidi ya pili kwenye tundu la pili: bado haitarudi, kwa kuwa slaidi mbili hazilingani unene. Sasa inamisheni mojawapo polepole. Digrii 10 zinaongeza takriban mikromita 5. Ikishindikana, inamisheni ile nyingine, huenda ndiyo nyembamba. Doa likigawanyika mawili, slaidi moja ni nene upande mmoja. Izungusheni bapa mahali pake hadi madoa yalaliane, au muibadilishe kama hayalaliani, kisha mrudie kuinamisha.